Bintiyo hajaichukia fidla

*"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mpiga fidla hapa Unguja. Siku za kazi napiga mahotelini jioni, mwisho wa wiki ni harusi, na mara nyingi narudi nyumbani saa nane usiku. Binti yangu ana miaka saba. Mwaka mzima alikuwa ananiomba nimfundishe, na miezi minne iliyopita nikampa fidla ya robo tatu niliyoipata kwa rafiki, nikijua atakua na itamwenea. Tunakaa kila Jumapili asubuhi saa nzima, pengine saa moja na nusu, kwa sababu siku nyingine sina nafasi. Kila mara tunaishia kwenye machozi. Upinde unakwaruza kama bawaba kavu, vidole vinatua chini ya sauti, na nikimsahihisha ananuna. Wiki iliyopita aliificha fidla chini ya kitanda. Mama yake anasema nimwache. Mkubwa mmoja wa kikundi chetu anasema mtoto asiyeanza akiwa na miaka minne kachelewa, na mwenye kipaji halii. Tena sijui nimuanzishe kwa noti au kwa sikio kama nilivyoanza mimi, na naogopa bayati na rasti zetu, hizi ngazi za sauti za taarabu, zitamharibia sikio siku akitaka kufanya mitihani. Nimlazimishe, nimtafutie mwalimu, au nimwache? Na uzi wake mwembamba unakatika kila mara, nimeshafunga nyuzi tatu."*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na iliyonigusa zaidi ni ile fidla iliyofichwa chini ya kitanda. Mtoto aliyekuomba mwaka mzima si rahisi kuwa ameuchoka muziki katika miezi minne. Kuna kitu anakikimbia, na ninavyoona mimi anaikimbia Jumapili: ala isiyomwenea, saa nzima ya kusimama, na baba ambaye sikio lake ndiyo riziki yake, kwa hiyo hakuna kosa linalompita. Yote matatu yanarekebishika. Mawili ya kwanza unaweza kuyarekebisha wiki hii hii, la tatu litakuchukua muda zaidi, na hilo nalijua kwa sababu lilinishinda mimi kwanza.

Mwanangu mkubwa nilimuanzisha mwenyewe akiwa na miaka minane. Nilikuwa natoka mazoezini, ambako fidla sita tukipiga mstari mmoja kazi yangu ilikuwa kumsikia yule aliyeteleza, nafika nyumbani na sikio lile lile. Mtoto akipiga sauti tatu, nimemsimamisha mara tatu. Sikumgombeza, sikumpiga, nilikuwa nasema tu "hapana, tena." Mwaka wa pili akaniomba ruhusa aende kucheza mpira, na hakurudi. Wadogo zake niliwafundisha kwa njia nyingine, na wote wawili wanapiga mpaka leo. Kwa hiyo ninayokueleza nimeyalipia.

Tuanze na fidla yenyewe, maana usipolitatua hili, mengine yote ni kutwanga maji kwenye kinu. Fidla ya robo tatu ni ya mtoto wa miaka tisa hadi kumi na moja hivi. Mtoto wa miaka saba kwa kawaida huenewa na ya robo, au ya nusu akiwa na mikono mirefu. Majina haya yanawachanganya watu, kwa sababu fidla ya nusu si nusu ya urefu wa fidla kamili. Kiwiliwili cha fidla kamili kina kama sentimita 35 na nusu, cha robo tatu kama 33, cha nusu kama 31, na cha robo kama 28. Ukizitazama ukutani unaona tofauti ndogo, ndiyo maana mzazi anasema atakua nayo kama anavyosema kwa kiatu cha Idi. Lakini kiatu kikubwa utakijaza pamba. Fidla kubwa huna cha kuijaza.

Mpime hivi. Aweke fidla begani, ageuze kichwa, kisha anyooshe mkono wa kushoto chini yake mpaka kwenye kichwa kilichosokotwa mwishoni. Kichwa hicho kikifika kwenye kifundo cha mkono, au kikikaa katikati ya kiganja na vidole vikaweza kukikumbatia huku kiwiko kimelegea, inamwenea. Kama vidole vinagusa tu kwa ncha, au mkono umenyooka kama mti, hiyo si yake bado.

Sasa tazama jambo hili, maana nadhani ndilo lililokuwa likikukasirisha bila kulijua. Unasema vidole vinatua chini ya sauti kila mara. Kutoka uzi wa A ukiwa wazi, yaani bila kidole, mpaka sauti ya D ya kidole cha tatu, kidole kinatua kwenye robo ya urefu wa uzi. Uzi wa fidla ya robo tatu ni mrefu kuliko wa fidla ya robo kwa sentimita nne hivi, kwa hiyo kidole cha tatu kinatakiwa kifike kama sentimita moja mbele zaidi. Sentimita moja katika kiganja cha mtoto wa miaka saba ni safari. Hawezi kufika, anatua pale anapoweza, na pale anapoweza sauti iko chini. Ulikuwa unamsahihisha sikio, kumbe kosa liko kwenye kipimo cha mbao. Huenda sikio lake linajua kabisa kwamba si penyewe, na mtoto anayejua kwamba si penyewe na hawezi kufika, akiambiwa "panda, panda," atafanya nini kama si kulia?

Usikimbilie kununua. Fidla za robo na za nusu zimelala juu ya makabati ya watu kwa sababu watoto wao walishazipita. Uliza wenzako wa vikundi vyote, uliza katika chuo cha muziki cha DCMA hapo mjini, ambacho kimekuwa kikifundisha tangu 2002, uliza na waalimu wa Dar es Salaam. Hiyo ya robo tatu usiiuze. Baada ya miaka miwili au mitatu utashukuru unayo. Na upinde uwe wa saizi ya fidla mpya, usimwachie ule mrefu. Upinde mrefu una ncha nzito, mkono mfupi hauwezi kuufikisha mwisho bila kuuvuta nyuma ya bega, na hapo unatoka kwenye mstari wake na kuanza kuteleza juu ya ubao wa vidole.

Hapo tumeshaingia kwenye ule mkwaruzo. Wewe unajua kwa mkono wako nitakayosema, lakini sijui kama umewahi kumweleza. Rozini, yaani ule utomvu wa msonobari tunaoupaka, huzifanya singa za upinde ziushike uzi. Upinde unauvuta uzi kando, uzi unanyooka mpaka hauwezi tena, unaponyoka, unarudi, unashikwa tena. Kwa uzi wa A jambo hili hutokea mara 440 kwa sekunde moja. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliuchunguza mwendo huo katika karne ya 19 na kuonyesha jinsi uzi unavyokwenda: kama kona inayokimbia juu yake huku na huku. Sauti nzuri ni pale kushikwa na kuponyoka kunapofuatana kwa mpango. Ukikandamiza sana upinde ukiwa unakwenda polepole, uzi unashindwa kuponyoka kwa wakati wake, na huo ndio mkwaruzo. Ukiwa mwepesi sana na mwendo mkali, uzi haushikwi vizuri, unasikia upepo na mluzi.

Kwa hiyo mkwaruzo si aibu wala dalili ya kukosa kipaji. Ni uzito mwingi kwa mwendo mdogo, basi. Na mtoto anayeogopa kukosea hufanya hasa hayo mawili: anakaza kidole gumba, anakandamiza, na anakwenda polepole ili asikosee. Hofu inasikika kwenye upinde kabla haijaonekana usoni. Mfanyie hivi: mwambie apige uzi wa A ukiwa wazi, akwaruze makusudi, kwa ubaya wote anaouweza. Kisha apige upepo mtupu. Kisha atafute katikati. Watoto wangu wote hucheka katika zoezi hili, na mtoto akishajua kuutengeneza mkwaruzo kwa hiari yake anajua pia kuuondoa. Kagua na rozini yenyewe. Kipande kipya ni laini kama kioo na hakitoi kitu mpaka ukikwangue kwa msasa kidogo. Nimewahi kuletewa mtoto aliyeambiwa hana mkono, kumbe singa zake hazijawahi kupakwa rozini hata siku moja.

Sasa ile saa nzima ya Jumapili. Najua umeiweka kwa mapenzi, kwa sababu ndiyo siku uliyonayo. Lakini mkono haujifunzi kwa wingi wa saa, unajifunza kwa kurudiwa na kupumzishwa. Jambo jipya likifanywa kidogo leo, mtoto akalala, likafanywa tena kesho, usingizi wenyewe unafanya sehemu ya kazi. Wewe mwenyewe umewahi kuhangaika na kipande cha bashrafu, ule muziki wa ala tupu, usiku, ukaamka kesho vidole vimekielewa. Zaidi ya hayo, siku sita za kukaa bure zinafuta mengi ya Jumapili, kwa hiyo kila Jumapili mnaanza karibu na mwanzo, na wewe unaona mtoto haendelei. Tena ndani ya ile saa, dakika kumi na tano za mwanzo ndizo za kujifunza. Baada ya hapo bega limechoka, shingo imechoka, na anachokirudia ni makosa ya mtu aliyechoka, na mkono unayahifadhi makosa kwa uaminifu ule ule unaohifadhi mazuri.

Dakika kumi kwa siku, siku saba, ni dakika sabini. Ni nyingi kuliko saa yako, na hakuna siku iliyobeba mzigo. Utaniambia huna dakika kumi. Unazo, ila haziko pale unapozitafuta. Asubuhi umelala na yeye yuko shule. Lakini ukiwa wa hotelini, unaondoka jioni, na yeye anarudi kutoka chuoni alasiri. Kati ya kurudi kwake na wewe kuvaa shati la kazi, hapo ndipo. Kabla hujaifungia fidla yako kwenye sanduku, iwe imeshapigwa kidogo pamoja na yake. Siku ya harusi unayotoka mapema, asipige na wewe. Apige mbele ya bibi yake au mama yake wimbo mmoja anaoujua, mara moja, wapigiwe vigelegele, amalize. Siku umerudi hoi na huwezi kabisa, aimbe tu huo wimbo huku akitembeza vidole mkononi. Hiyo pia ni mazoezi.

Katika dakika hizo kumi chagua jambo moja. Nasema moja. Leo tunatazama kidole gumba cha kulia, basi vidole vya kushoto vikitua vibaya wewe hukusikia. Nalijua zoezi hili ni gumu kwa mpigaji kuliko kwa mzazi wa kawaida. Mzazi asiyejua fidla anafurahi akisikia wimbo, wewe unasikia senti za sauti zilizopotea. Lakini ukitaja makosa matano kwa pamoja, mtoto hawezi kurekebisha hata moja. Anachokishika ni uso wako. Na badala ya kumwambia, muulize: "Ile ya mwanzo na hii ya pili, ipi imekaa vizuri?" Akikosea kuchagua, piga zote mbili kwa fidla yako asikie tena. Mtoto anayeulizwa anaanza kujisikiliza, na siku moja utakuwa kazini saa tatu usiku na yeye nyumbani atajisahihisha mwenyewe.

Kuna zoezi moja la sikio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji maneno yako hata kidogo. Fidla iwe imekazwa G, D, A, E, yaani nyuzi zake nne kutoka ule mnene mpaka ule mwembamba. Kata kipande kidogo cha karatasi, kikunje kama paa la nyumba, kiweke juu ya uzi wa D. Sasa apige D ya kidole cha tatu kwenye uzi wa A. Kidole kikitua penyewe hasa, uzi wa D unatikisika peke yake bila kuguswa, kwa sababu sauti hiyo ni pacha yake wa juu, na karatasi inacheza, pengine inaruka. Kikitua kando kidogo, karatasi imetulia. Hapo mwalimu ni mbao na nyuzi, wewe umekaa pembeni unatazama kama yeye. Nimeona watoto wakorofi wakikaa nalo robo saa bila kuambiwa.

Wapo watakaokukataza kubandika utepe mwembamba kwenye ubao wa vidole kumwonyesha pa kutua, wakisema anategea. Bandika miezi ya mwanzo. Kidole kinahitaji kujua mtaa kabla ya kujua nyumba. Ila jicho lisiwe ndilo bwana: mara kwa mara apige akiwa amefumba, na tepe zianze kutoka moja moja kabla mwaka haujaisha.

Kuhusu noti au sikio, sidhani kama ni ugomvi wa kweli. Fikiria bintiyo alivyohifadhi sura zake za mwanzo chuoni. Mwalimu alisoma, yeye akafuatisha, mdomo kwa mdomo, mpaka ikakaa kifuani, na matamshi yakanyooshwa kabla hajajua kuunganisha herufi. Kusoma kulikuja baadaye, kukakuta sauti zimeshajengeka. Mjapani Shinichi Suzuki, aliyezaliwa 1898 na ambaye naye alikuwa mpigaji wa kazi, katika kundi la ala za nyuzi na ndugu zake, alilijenga fundisho lake lote juu ya hoja inayofanana na hiyo: kila mtoto wa Kijapani anazungumza Kijapani, na hakuna aliyeanza kwa kusoma. Akataka mtoto asikilize kila siku, arudie yale anayoyajua hata akisonga mbele, na mzazi akae ndani ya somo. Kwa hiyo muanze kwa sikio bila wasiwasi. Lakini usimwache hapo miaka mitatu. Mtoto mwenye sikio kali akikawia na noti huchukia kuzisoma, kwa sababu anasoma kama wa darasa la kwanza wimbo ambao mkono wake unaupiga kama wa darasa la tano, na mitihani kama ile ya ABRSM ya Uingereza mara nyingi humtaka mtoto asome papo hapo. Wimbo ukishatulia vidoleni, mwonyeshe ulivyoandikwa. Dakika mbili tu, kuanzia nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, zinatosha.

Na bayati na rasti? Hapa nitasimama kidogo, maana hofu hii nimeisikia kwa wapigaji wengi, na inanisikitisha kwamba tunaogopa kile ambacho ni urithi wa watoto wetu. Katika bayati ya D, sauti ya pili inakaa kati ya E na E iliyoshushwa. Fidla haina vizuizi kwenye ubao wake kama gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kwenda hapo bila ala kulalamika. Ni mojawapo ya sababu fidla ikakaa sawasawa ndani ya muziki wa Kiarabu wa Misri, na huku kwetu ndani ya taarabu. Sikio la mtoto haliharibiki kwa kujua sauti mbili, kama ulimi wake haukuharibika kwa Kiswahili cha nyumbani, Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha shule. Linalomchanganya ni kuchanganyiwa katika somo moja bila kuambiwa yuko katika lugha ipi.

Tena jihadhari na jambo moja. Mtoto aliyelala utotoni akisikia baba yake akifanya mazoezi ya bayati anaweza kukishusha kidole cha kwanza kidogo kwenye uzi wa D, na mwalimu wa muziki wa Kizungu atasema yuko chini ya sauti, kumbe anapiga alichokisikia maisha yake yote. Ukimkuta hapo, usimwambie amekosea. Mwambie, "Hiyo ni ya baba, ya bayati. Wimbo huu unataka ile nyingine," umpigie zote mbili. Katika mwaka wa kwanza vidole vyake viwe na nyumba moja tu, ile ya kawaida. Masikio yasikilize kila kitu tangu leo. Mwaka wa pili au wa tatu, kidole kikishatulia, mfundishe kukisogeza. Na kama wewe unakaza fidla yako G, D, G, D kama wapigaji wengi wa Kiarabu, hilo liache kwenye fidla yako. Yake ibaki G, D, A, E, la sivyo kila kitakachoandikwa kwa ajili ya watoto hakitamfaa.

Maneno ya mkubwa wa kikundi chenu nayaheshimu kwa umri wake, lakini sikubaliani naye. Wa miaka minne huanza mapema, ni kweli, na kwa kawaida hutumia mwaka mzima kujifunza kusimama na kushika upinde. Wa miaka saba anayaelewa hayo kwa muda mfupi zaidi, anafuata maelezo, anakumbuka. Nimeanzisha watoto wa miaka kumi na moja ambao leo wanalipwa. Hata ile orkesta ya Kimbanguist ya Kinshasa, iliyoundwa 1994 chini ya Armand Diangienda, ilianza na watu wazima waliokuwa hawajui ala, wakipokezana fidla chache walizokuwa nazo. Na kulia si kinyume cha kipaji. Wanaolia mara nyingi ni wale wanaosikia umbali kati ya wanachokitaka na kinachotoka.

Sasa swali lako kubwa. Kumlazimisha, sikushauri, lakini nitofautishe. Kumlazimisha apige anapolia ni kumfundisha kwamba fidla ni adhabu. Kuwa na saa maalumu ya kila siku, kama ya kupiga mswaki, ambayo haijadiliwi lakini ni fupi na inaisha kabla hajachoka, hiyo si kulazimisha, ni malezi. Kumwacha kabisa ni mapema mno, kwa sababu hujawahi kumwona akijaribu ala inayomwenea. Mpumzishe wiki mbili kamili. Usiitaje fidla yake. Katika wiki hizo fanya jambo ambalo nadhani hujafanya muda mrefu: fanya mazoezi yako mwenyewe mbele yake. Wapigaji wa kazi tuna tabia ya kusema nitapiga vya kutosha usiku, kwa hiyo watoto wetu hawatuoni tukijifunza, wanatuona tukiondoka na sanduku. Keti sebuleni, chukua mstari unaokusumbua, upige polepole, ukosee, urudie mara kumi. Asikie kwamba hata baba hukwaruza. Siku moja mchukue kwenye mazoezi ya kikundi, mkalishe nyuma ya safu ya fidla, karibu na ganuni, asitakiwe kufanya lolote.

Kisha suala la mwalimu. Nakuambia wazi, ingawa wewe ni fundi: wapigaji wengi hawafai kuwa mwalimu pekee wa watoto wao, na hili halihusu ujuzi. Mtoto akikosolewa na mwalimu amekosolewa upinde. Akikosolewa na baba, anahesabu na mapenzi. Ukiwa na uwezo, mpate mwalimu mara moja kwa wiki, wewe uwe msaidizi wa nyumbani unayekaa kwenye somo, unaandika jambo la wiki, na kulifuata hilo hilo hata kama wewe ungelifundisha tofauti. Hapo utaumia, najua. Vumilia. Mapato ya muziki yanajulikana, kwa hiyo kama ada haipatikani, kuna njia ambayo imenifaa: mimi na mwenzangu tulibadilishana watoto. Yeye alimfundisha wangu, mimi wake, bila shilingi kupita kati yetu, na wote wanne tulikuwa na adabu zaidi. Hapo Unguja huwezi kukosa mpiga fidla mwenye mtoto na shida kama yako. Video za kwenye simu zitamsaidia kusikia na kuona, lakini video haiwezi kumgusa kiwiko na kumwambia alegeze.

Hata ukiendelea naye peke yako, mpeleke kwa mwalimu wa watoto walau mara moja mwanzoni, kisha kila baada ya mwezi mmoja au miwili, atazamwe mwili. Mkao siwezi kuutengeneza kwa maandishi, na wewe uliyeshika fidla miaka mingi huuoni tena mwili wako unavyofanya. Uchovu wa bega unaoisha baada ya kupumzika ni wa kawaida, na alama nyekundu ndogo shingoni ni ya kawaida. Maumivu yanayobaki mpaka kesho yake, ganzi ya vidole, au mtoto kupandisha bega moja hata akiwa hajashika kitu, acheni kupiga, aonwe na mwalimu, na yasipoisha kwa siku chache aonwe na daktari. Na ikiwa baada ya fidla ndogo, dakika kumi, na miezi mitatu ya subira bado anajificha kila alasiri, keti naye umuulize bila fidla karibu. Pengine anataka ngoma, dumbaki. Pengine anataka kuimba. Mpe.

Mwisho ule uzi wa E. Kabla ya kufunga wa nne, tazama hasa ulikatikia wapi, maana pale panakuambia sababu. Ukikatikia juu karibu na vigingi, mfereji unaopita pale mwanzoni mwa ubao una makali. Usugue kwa risasi ya penseli, na kama bado, fundi aulainishe. Ukikatikia kwenye daraja, uzi unakula mbao. Weka kile kibomba kidogo cha plastiki kinachokuja na uzi, au kipande cha ngozi laini. Ukikatikia chini kwenye mkia, ndoano ya kikazio kidogo ina ukali, au umefunga uzi wa kishungi, wenye kifundo mwishoni, mahali pa uzi wa tundu, wenye kitanzi. Hakikisha pia si uzi wa fidla kamili. Na unapoukaza, usitumie kigingi kikubwa isipokuwa kuufikisha karibu. Kilichobaki malizia na kikazio kidogo cha kwenye mkia, tena ukiisikiliza A, kwa sababu nimeona watu wakifuata programu ya simu wakapita E yenyewe na kuendelea kupanda juu mpaka uzi ukaruka. Uso wake uwe mbali wakati huo. Kwa mwaka huu wa kwanza kaza wewe, kabla hujaenda kazini.